Anatembea na Muuguzi

Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema kulikuwa hakujapambazuka vizuri, yeye katoka kumwaga maji, mara akamwona binti wa jirani anafukuzwa nyumbani. Begi mgongoni kubwa kuliko mwenyewe, machozi yanamtiririka, mama mtu kasimama mlangoni hasemi neno. "Na wala hakuelekea kituo cha basi," Mama Pacha huongeza hapo, akishusha sauti. "Kaizunguka nyumba kama aliyerukwa na akili, kisha kashika barabara ya kilimani."

Hayo ni ya Mama Pacha. Ukweli ni kwamba yale machozi yalikuwa jasho, mama mtu alikuwa anapiga mswaki, na begi lilijaa chupa za maji na mfuko wa mchanga. Binti alikuwa anajizoeza. Mvua zikikatika, kikundi cha watembezi kingefanya safari ya siku nne kwa miguu, kuvuka safu ya milima mpaka ziwani, kila mtu na hema lake na chakula chake mgongoni. Yeye alikuwa akishona mahema ya watu tangu alipomaliza shule ya msingi, na hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Mtaani walimwita Kiguu, yaani kiguu na njia, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na baba yake.

Jengo alikofanyia kazi lilikuwa la maduka juu hadi chini, na asubuhi hiyo lifti ilikuwa imekufa. Watu wamejazana pale mlangoni pake, wenye vifurushi, wenye watoto, kila mmoja analalamika kwa sauti kumshinda mwenzake. Kiguu akapenya katikati yao na begi lake, sketi ya kijani ameibana kwa pini, chini yake suruali ya michezo na viatu vizito vyenye vumbi. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, kwenye duka la mahema. Akashuka. Akapanda tena.

Aliposhuka tena, sauti ikatoka ndani ya shimo la lifti.

"We dada! Umesahau nini huko juu kisichoisha?"

Akachungulia. Kijana amening'inia kwenye mkanda, ovaroli ya bluu, grisi shavuni, meno yote nje.

"Sijasahau kitu. Napanda tu."

"Unapanda tu! Mimi nimeng'ang'ana na nyaya hizi ili watu kama wewe msipande."

"Usijisumbue kwa ajili yangu, fundi. Kazi yako na yangu ni maadui."

"Na wenye kazi, je?"

Kiguu alipanda mara moja zaidi, ambayo haikuwamo kwenye mazoezi.

Lifti ilipona kesho yake, lakini fundi hakuacha kuja kuikagua. Lifti gani hiyo inakaguliwa kila siku saa ya chakula cha mchana? Alifika na karanga kwenye karatasi, akakaa juu ya marobota ya turubai, akamtazama Kiguu anavyosukuma kitambaa kigumu chini ya sindano. Baada ya muda hata cherehani ilijua mlio wa viatu vyake.

"Laazizi, nimenunua viatu vya mlimani."

"Umevivaa wapi?"

"Sijavivaa. Naviwekea safari."

"Utalia! Kiatu kipya ni kama mchumba, kipenzi. Kwanza uende nacho sokoni, kisha kazini, mkishazoeana ndipo mpande mlima."

"Na sisi tumefika wapi? Sokoni au kazini?"

"Sisi tuko dukani bado, unauliza bei."

Fundi alicheka mpaka karanga zikamwagika. Lakini alikuwa amesema kweli, alitaka kwenda ile safari, kwa hiyo Kiguu akamvisha begi lake lenye mchanga na kumtuma ngazini. Ghorofa ya pili hakuifikia. Alimkuta kakumbatia kikingio cha ngazi, anahema kama mbwa wa kiangazi, na Kiguu akacheka hadi akakaa chini.

"Usinicheke. Nichukue tu twende, nitajikaza."

"Nakupenda, fundi wangu, na unajua. Lakini mlimani sibebi mtu."

Alisema kwa utani. Naye fundi akacheka. Ila Kiguu ni mtu wa kutazama, na alimwona akifuta mkononi grisi ambayo haikuwapo.

Tangu hapo kukawa na mambo. Alfajiri akimpigia, simu inaita mpaka inakata. Jumapili haonekani. Mchana anafika amechoka, anasinzia juu ya turubai. Akiulizwa, "Kazi, mamii, kazi." Kisha Mama Pacha akamsubiri mlangoni, kanga kifuani, furaha ya kuwa na habari imemjaa usoni.

"Mwanangu, mimi si mtu wa maneno. Lakini yule fundi wako anatembea na muuguzi wa zahanati. Mtaa wa nyuma wote unajua. Nimewaona mimi, wanarudi alfajiri, jasho tele, mwanamume hata kuongea hawezi."

Kiguu hakumngoja amalize. Akapiga simu hapo hapo.

"Fundi."

"Naam, laazizi."

"Laazizi mpeleke huko. Nijibu moja tu. Unatembea na muuguzi?"

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Ni kweli. Nilitaka nikushangaze."

"Unishangaze?"

"Ndiyo. Ningekwambia nikishaiva. Sasa hivi bado naishiwa pumzi mapema, lakini mwenzangu ni mvumilivu, ananingoja."

"Mungu wangu. Kila siku?"

"Kila alfajiri. Jumapili ndiyo tunajiachia, tunaweza kwenda hata saa nne bila kupumzika."

"Na mume wake?"

"Anajua! Mtu mzuri sana yule, tukirudi anatuchemshia chai."

Kiguu akakata simu. Alipopigiwa hakupokea, na baadaye akalifungia lile jina lisiweze hata kuita. Kazini akahamishia cherehani yake nyuma, mlango ukafungwa saa ya mchana. Alimaliza kushona hema lake kwa hasira, mshono juu ya mshono, hata mvua ingeogopa kuligusa. Mama yake alimtazama akiviringisha nguo na kuzipanga begini, vizito karibu na mgongo, vyepesi chini, sufuria juu.

"Ungemsikiliza, mwanangu."

"Nimemsikiliza, mama. Amenieleza mpaka chai."

Asubuhi ya safari walikutana nje ya uwanja wa mpira. Mabegi ya kila rangi yamesimama mstari kama watoto wa shule, kiongozi na filimbi yake anayainua moja moja kupima uzito. Kiguu alikuwa anakaza kamba ya kifuani alipoviona vile viatu. Havikuwa vipya tena. Vimepauka puani, vimekunjika kisawasawa. Akapandisha macho: fundi, kofia pana, begi limemkaa vizuri. Na pembeni yake mama mnene wa makamo, miwani, fimbo mbili mkononi.

"Umemleta mpaka hapa?" Kiguu akasema, na mstari mzima ukasikia.

"Laazizi, ungepokea simu..."

"Ndiye huyu Kiguu?" yule mama akadakia kwa furaha. "Afadhali nimekuona! Huyu bwana nimetembea naye tangu mwezi uliopita, pumzi hana lakini jina lako halimtoki mdomoni. Nikamwambia, baba, nyamaza, tunza upepo, kilima hicho."

Kiguu akatazama miwani, akatazama fimbo, akatazama viatu.

"Kutembea... kwa miguu?"

"Sasa watu wanatembea kwa nini, mwanangu? Kwa masikio?"

Uso ulimwaka Kiguu. Fundi naye ilimchukua muda, midomo inarudia ile simu neno kwa neno, mpaka alipofika kwenye chai akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yaani ulidhani..."

"Wewe ndiye uliyesema mnajiachia!"

"Mlimani!"

"Ungesema mlimani!"

Muuguzi alicheka hadi akaegemea fimbo zake. Filimbi ikalia. Kiguu akamsogelea fundi, akaivuta kamba ya begi lake ikakaa sawa begani, akakawia kuiachia.

"Nisamehe."

"Tangulia, mamii. Nitakuja nyuma, hubebi mtu."

Na kweli hakubeba mtu. Walipita mashamba, wakapita msitu uliotonesha maji shingoni, wakavuka kijito viatu vikining'inia shingoni na vidole vikifa ganzi. Jioni Kiguu alilala kwa mara ya kwanza ndani ya hema alilolishona mwenyewe, akisikiliza kitambaa kikipumua, na kutoka hema la jirani fundi akimuuliza kama amelala, na tena kama amelala kweli.

Ziwa lilionekana kutoka kilele cha mwisho, lote kwa pamoja, jeupe kwa jua. Watu wakapiga kelele. Fundi akafika wa nyuma kabisa lakini kwa miguu yake, akamnyooshea Kiguu mkono, akafungua mdomo, na ghafla akaanguka goti moja chini.

Mtu akapiga kigelegele. Simu zikatoka mifukoni.

"Jamani, ni msuli!" fundi akalia. "Shavu la mguu limebana!"

Kiguu akatupa begi, akapiga magoti nyuma yake, akaushika mguu kwa mikono miwili.

"Pumua."

"Napumua."

"Taratibu."

"Laazizi, sikupanga leo. Nilitaka nioge kwanza." Akameza mate, anaongea ametazama ziwa kwa kuwa kugeuka hawezi. "Lakini goti limeshafika chini, na mguu huu sijui kama utakubali kukunjika tena. Nikubalie nikuoe."

Muuguzi akavua miwani. Kiguu alihisi msuli unalegea chini ya vidole vyake, na moyo wake mwenyewe unapanda mbio kuliko ulivyopanda mlima wowote.

"Mamii, sema basi," fundi akasema. "Hata kama unafikiri, fikiria kwa sauti. Ila usiuachie mguu."