Bei ya Miaka ya Themanini

Kila asubuhi, akimaliza kufagia ua wa nyumba yao huko Kampemba, Abigaël alimpitia Dieumerci, mwenzake wa darasa, wakaenda shule pamoja. Siku ile Dieumerci alibeba karatasi kubwa iliyoviringishwa. Kwa kazi ya kundi waliyopewa darasani, wawili hao walikuwa wameandika bei za kompyuta kubwa za kujaza chumba, zile za mabenki na makampuni, tangu miaka ya sitini hadi leo. Kundi bora lingepelekwa kwenye mashindano ya mji.

Darasani, wakingoja zamu yao, Abigaël aliikunjua karatasi akashtuka. Jana sehemu ya miaka ya themanini ilikuwa tupu. Sasa ilikuwa na bei.

"Umeitoa wapi?" alinong'ona.

"Umeme ulikatika nikiwa bado natafuta kwenye intaneti," Dieumerci alijibu bila kumtazama. "Nikakisia tu. Nani atajua?"

Kabla Abigaël hajapata la kusema, mwalimu wao, Madame Victorine, akawaita mbele. Mkurugenzi wa shule alikuwa ameketi kando yake.

Abigaël alieleza jinsi zamani mashine moja iliweza kugharimu mamilioni ya dola, na bado kumbukumbu yake ikawa ndogo kuliko ya simu ya leo. Darasa zima lilitulia. Mkurugenzi alitabasamu. Lakini kidole cha Abigaël kilipofika miaka ya themanini, kilisimama. Dieumerci alimkazia macho.

"Madame," Abigaël alisema kwa shida, "bei hii si ya kweli. Tumeikisia."

Minong'ono ilizagaa. Dieumerci aliinamisha kichwa. Kisha, taratibu, akachukua kalamu akaikata bei ile kwa mstari, kwa mkono wake mwenyewe.

Kundi la Zabibu, mwanafunzi mwenzao, ndilo lililochaguliwa kwenda mashindanoni. Hata hivyo, alasiri Madame Victorine aliwapeleka Abigaël na Dieumerci kwenye maktaba ya parokia. Walipekua magazeti ya zamani mpaka Dieumerci akaona tangazo la kompyuta ya miaka ile, bei yake ikiwa chini mno ya ile aliyoibuni.

"Nisamehe, Abi," alisema.

Madame Victorine aliwatazama wote wawili. "Mngeacha pengo, ningejua pa kuwasaidia," alisema. "Lakini mkiliziba kwa uongo, hata bei zenu za kweli hazitaaminiwa. Usipojua, sema hujui, kisha utafute."