Kisemeshi cha Mzee Makoye

Habari hizi alinisimulia Nyanzala mwenyewe, siku ya tatu ya matanga ya baba yake, mimi na yeye tukiwa jikoni tunachambua mchele wa wageni. Ulikuwa mwaka ule treni ya sumaku ilipoanza kufika Tabora. Nimeandika kama alivyoniambia. Pale nilipoongeza, nimeongeza kufafanua tu, maana vijana wa sasa hawajui kisemeshi kilikuwa kitu gani.

Kisemeshi kilikuwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, nawe unakibandika kwenye ukosi. Basi, kila asubuhi kule Ng'ambo, mtaa wa hapo Tabora, Mzee Makoye aliketi kwenye kiti chake cha kamba, mdomo wake ukiwa umekwenda upande tangu alipopata kiharusi. Akisema, ilitoka sauti kama uji unaochemka sufuriani. Wewe mgeni hungepata neno. Lakini kabla hujageuza shingo, kifungo pale ukosini kilikuwa kimeshasema, kwa sauti safi kabisa ya kiume:

"Mama Nyanzala, hii ni chai au maji ya kusuuzia vikombe?"

Na mkewe, Bi. Kalunde, alijibu bila kugeuka: "Umeshaimaliza, ndiyo unasema. Mbona kikombe kitupu?"

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minne. Kidude hakikuja kinajua. Kilijifunza. Mwezi wa kwanza kilibahatisha, mwaka wa kwanza kilikosea nusu, na kadiri ulimi wa mzee ulivyozidi kuwa mzito, nacho kilizidi kumfuata, sauti kwa sauti. Na bei yake sasa! Chini ya kilo moja ya sukari. Viliuzwa madukani vikiwa vimejazwa kwenye bakuli kama peremende. Watu ambao zamani wangefichwa chumba cha uani, wakaanza kukaa barazani wakibishana na majirani.

Nyanzala alikuwa mhandisi kwenye kiwanda kilichovitengeneza, huko Dodoma. Ndiye aliyemletea baba yake kimoja cha kwanza kwanza, na Bi. Kalunde alilitangaza jambo hilo mtaa mzima, mpaka watu wakawa wanamkwepa.

Mwaka wa nne kitaa chake kidogo kikaacha rangi ya kijani, kikawa chekundu. Sauti ikaanza kujivuta kama mlevi anayesoma risala. Betri ilikuwa inachoka. Bi. Kalunde hakumsumbua mtoto kwa jambo dogo kama hilo. Kwao, betri ya redio ikichoka ilianikwa, jioni ikaimba tena. Akakitia kwenye ungo wa michembe yake ya viazi, akakipandisha juu ya bati saa nne. Alipokishusha saa nane, kilikuwa kimevimba kama andazi.

Hapo ndipo alipopiga simu.

Nyanzala alishuka treni ya kwanza ya kesho yake, mkobani ana visemeshi vipya vitatu. Mama yake alimpokea mlangoni, akamshika mkono.

"Mwangaluka, Mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Kabla hujaingia, nisikilize, usije ukanigombeza mbele ya baba yako. Nilikianika."

"Umekianika wapi?"

"Juu ya bati. Pamoja na michembe."

Nyanzala aliingia, akamwamkia baba yake, akakibandua kile kifungo na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na hizi alama je?"

Bi. Kalunde akatazama ukutani. "Niliking'ata. Kidogo tu. Bibi yako alikuwa aking'ata betri, na taarifa ya habari tunaisikia mpaka mwisho."

Kutoka kitini kukachemka uji. Kile kifungo, mkononi mwa Nyanzala, kikajikongoja: "Ame... king'ata... kama... muwa."

Na mzee akacheka. Kucheka kwake hakukuhitaji mkalimani. Mabega yalitikisika, chozi likamtoka, na mkewe naye akajifunika uso na kanga akicheka kwa aibu. Nyanzala peke yake hakucheka. Alikuwa ameshatoa kipimo chake mkobani na kukigusisha mgongoni mwa kidude.

"Dakika arobaini," alisema. "Dakika arobaini za kusema, kisha basi. Akinyamaza, hakili umeme. Akisema, kinakula."

"Si utie betri nyingine?" mama yake aliuliza. "Betri yenyewe nimeona sokoni, ni ndogo kama punje ya mtama. Bei yake haifiki hata ya kiberiti."

Swali la kweli. Nyanzala alitoka uani, akampigia Mhina, fundi mkuu wa kiwanda, mtu waliyekula naye chakula cha mchana miaka sita.

"Dada Nyanzala," Mhina alisema, "kwani umesahau? Kile hakifunguki. Ni gundi tupu. Mashine ya kukifungua iko moja, hapa kwetu, na kukifungua ni gharama ya vipya arobaini. Ukishafungua, umeme umekatika, kimeshasahau kila kitu. Mtoe mzee hicho, mpe kingine. Bei ya maandazi hiyo!"

"Mhina, huyu ni baba yangu."

"Pole, dada. Lakini gundi ni gundi."

Nyanzala hakuhitaji kukumbushwa. Mwanzoni, kabla hakijaingia madukani, kisemeshi kilikuwa na skrubu mbili mgongoni, na ndani yake kiakiba, yaani betri ya pembeni ndogo mno, ambayo kazi yake ilikuwa kushikilia kumbukumbu wakati betri kubwa inabadilishwa. Mwaka ule walipokaa kikao cha kupunguza bei, Nyanzala ndiye aliyenyoosha mkono. Tutoe skrubu, alisema, tutie gundi. Tutoe na kiakiba. Kila kimoja kitashuka bei kwa thamani ya chumvi ya kubana kwa vidole viwili, lakini tukitengeneza milioni, mtu wa kijijini ataweza kununua. Wakampigia makofi. Wakampa saa ya ukutani. Na kweli watu wa vijijini walinunua. Hilo halikuwa uongo, na ndilo lililomkaba zaidi.

Alirudi ndani, akambandika baba yake kisemeshi kipya, ajaribu tu.

"Baba, sema chochote."

Mzee akachemka. Kile kipya kikaropoka, kwa sauti tamu yenye uhakika wote: "Namshukuru bibi harusi kwa mbuzi wake!"

Bi. Kalunde akapigwa na bumbuwazi. "Mbuzi gani?"

Mzee akachemka tena, kwa hasira. "Tafadhali, nileteeni mbuzi wa pili," kikasema.

Alikibandua kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa na uhai kidogo, akakitupa chini. Angeandika, lakini mkono wa kulia ulikufa siku ya kiharusi, na wa kushoto ukishika kalamu ulitoa michoro ya kuku. Akanyoosha kidole kwenye kile cha zamani, kilichovimba, kilichong'atwa. Nyanzala akambandikia, akaangalia saa.

"Maji," kikasema. "Nilisema... nataka... maji."

Bi. Kalunde alileta maji, akamnywesha. Ni hapo, Nyanzala aliniambia, alipoyaona waziwazi yaliyokuwa yanakuja. Kipya hakikuusikia ulimi wa mzee ulipokuwa bado mwepesi, na sasa hakikuwa na pa kuanzia kujifunza. Baba yake atakaa kwenye kiti kile, akili yake nzima kabisa, na neno dogo kama maji halitafika kwa mtu yeyote.

"Baba," alisema, akipiga magoti, "zimebaki kama dakika thelathini na nane. Naweza kujaribu kukifungua hapa hapa, nikiunganisha nyaya kabla umeme haujakatika. Nikifanikiwa, umepona. Nikishindwa, kimekufa papo hapo, na hizo dakika zote nazo zimekwenda."

"Unaweza kufanikiwa?" mama yake akauliza.

"Tulikitengeneza ili mtu asifanikiwe, Mama."

Mzee alimtazama bintiye muda mrefu. Kisha akasema polepole, akisubiri kidude kimfuate:

"Usifungue. Kaeni... wote wawili. Mbele yangu. Miaka minne... mmekuwa mnasikiliza ukosi wa shati. Hakuna... anayenitazama mdomoni. Leo mtanitazama mdomoni."

"Sisi?" Bi. Kalunde alisema. "Mimi nimeolewa nawe miaka arobaini na moja, unaniambia sikutazami?"

"Ukiwa unapika... unanijibu... umenipa mgongo. Sikuudhika. Nilikuwa nasikika. Sasa... njoo."

Ndivyo shule ilivyoanza, saa tano asubuhi, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili. Mzee alisema neno kwa mdomo wake, kidude kikalitamka, kisha akalisema tena mara mbili kidude kikiwa kimefunikwa kiganjani kisimsikie, kisipoteze umeme. Maji. Choo. Inauma. Haiumi. Funga dirisha. Punguza chumvi. Mkewe na bintiye wakayarudia kwa kumwiga, midomo wameipeleka upande, na Bi. Kalunde alipoiga neno la choo, mzee alicheka mpaka somo likasimama.

"Usicheke, unapoteza wakati!" mkewe akamkemea. "Haya, endelea. Nyanzala unamwitaje?"

Akachemka, fupi, kama kifuniko kinachoruka mara moja.

"Ni hivyo tu? Jina zuri vile nilimpa, wewe unalifanya hivyo?"

Leo. Kesho. Jana. Nimeshiba. Nimechoka na wageni. Hili la wageni alilirudia mara nne, lisisahaulike. Nyanzala aliandika kila neno kwenye daftari, na pembeni yake sauti yake, kwa jinsi alivyoweza. Kufikia saa nane walikuwa na maneno hamsini na mbili. Alipokigusisha kipimo, zilikuwa zimebaki dakika mbili, pengine pungufu, maana betri iliyovimba haitabiriki.

"Mbili za mwisho tuseme nini?" Bi. Kalunde aliuliza. "Dawa? Tulisahau dawa."

Nyanzala alijua zile dakika si zake. Alijua dawa ilikuwa na maana kuliko moyo wake. Lakini kinywa kilimshinda.

"Baba, kile kitu cha kuokoa kumbukumbu kilikuwemo. Mimi ndiye niliyesema kitolewe. Na gundi, ni mimi. Hakuna aliyenituma. Ulipokuwa unajivuna kwamba mwanao ametengeneza hiki, mimi nilikuwa najua kina miaka minne tu. Nikajiambia, kikifa nitamnunulia kingine."

Bi. Kalunde akageuka, akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

Mzee Makoye alifumba macho. Akafumbua. Akavuta pumzi, na mdomo wake ukaanza kazi yake nzito.

"Nyanzala," kidude kikasema, "sikiliza vizuri, mwanangu. Mimi..."

Kitaa chekundu kikazimika.

Mdomo wa mzee uliendelea. Alisema maneno yote aliyokusudia, marefu, bila haraka, akimtazama bintiye usoni, na yote yalitoka uji mtupu. Alipomaliza alisubiri jibu. Alipoona nyuso zao, akatazama ukosi wake, akaelewa.

"Umekasirika, Baba?" Nyanzala akauliza.

Akatikisa kichwa, hapana.

"Umenisamehe?"

Akapunga mkono hewani kama afukuzaye nzi: si hilo. Akasema tena yale yale. Bi. Kalunde akakisogeza kigoda, akamtazama mdomoni, kwelikweli safari hii.

"Dawa? Dirisha? Unataka kulala? Sema polepole, Baba Nyanzala. Rudia."

Akarudia mara ya tatu. Nyanzala alipekua daftari, kidole kikitembea kwenye mistari. Katika maneno yote yale alilitambua moja, la mwishoni kabisa, lililo kama mvuke unaotoka pembeni mwa kifuniko. Kesho. Kitu fulani, kesho.

"Kesho, Baba?"

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kwa nguvu. Kisha uchovu ukamshinda. Jua la alasiri lilikuwa linapiga bati, chumba kina joto, na mzee akainamisha kichwa kitini, akalala. Bi. Kalunde alimtandikia kanga mapajani, akakibandua kile kifungo kilichokufa na kukifunga kwenye pindo la kanga yake. Akajinyoosha kwenye mkeka miguuni pa mumewe, uso ameuelekeza kwake, na punde naye akaanza kukoroma.

Nyanzala alibaki ameegemea ukuta, daftari magotini. Alizijaribu zile sauti kama alivyozisikia, mdomo ameupeleka upande, kwanza kwa sauti ya kusikika, kisha kwa kunong'ona asiwaamshe. Alizipanga hivi, akazipanga vile. Kila mara alifika kwenye kesho, akarudi mwanzo. Macho yakamwelemea, kalamu ikamponyoka ikaviringika hadi mkekani, na mdomo wake, ungali upande, ukatulia.