Aliyefunga Besi za Mwanamfalme

Uwanja wa hekalu pale mjini Lukang ulikuwa umefurika watu, ubani na moshi wa fataki, Meng-ju, fundi umeme wa magari, aliposikia harufu ya waya unaoungua. Aliifuata, chai yake ya maziwa mkononi, hadi kwenye pikapu yenye spika nne za besi, gari la kikundi cha vijana wanaocheza ngoma kumheshimu Mwanamfalme wa Tatu, mungu mtoto wa hekalu lile. Hakuomba ruhusa. Alifungua boneti, akachomoa waya hasi wa betri, muziki ukakatika.

"We dada, una wazimu?" Tien-fu aliruka kutoka kwenye usukani, shati lake la maua wazi hadi kifuani.

"Mwenye wazimu ni aliyeviringishia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara!"

"Ilikuwa inaungua kila mara."

"Inaungua ili usiungue wewe, mtanashati!"

Watu wakacheka. Tien-fu aliona aibu, lakini macho yaligoma kubanduka kwenye uso ule wenye grisi shavuni. Kesho yake alikuwa mlangoni pa karakana ya Meng-ju, na kesho kutwa pia, hadi wakapendana.

Alasiri moja Meng-ju alipanda pikapu ile kufunga upya nyaya zake. Alivuta waya mnene, akaweka fyuzi sahihi karibu kabisa na betri, akakwangua rangi ili waya hasi ushike chuma kitupu.

"Na spika zote umeziunga sambamba. Ampli inabebeshwa mzigo usio wake, ndiyo maana inachemka."

"Kama moyo wangu."

"Nyamaza, shika tochi."

Shida ilikuwa Mjomba Kun-shan, mkuu wa kikundi. Kwake yeye, mwanamke hakanyagi gari la mungu, basi. Aliposikia besi zikinguruma safi, alimpigapiga mpwa wake Tien-fu mgongoni kwa furaha. "Kazi yako hii?"

Meng-ju alikuwa amesimama palepale.

"Ndiyo, mjomba," akajibu Tien-fu.

Jioni simu ya Meng-ju ililia. "Mpenzi, nilikuwa namtuliza tu."

"Endelea kumtuliza. Mimi si mtu wa kufichwa." Akakata. Alilia, nisiwadanganye, alilia mpaka kope zikavimba, lakini hakupokea tena simu yake.

Siku ya maandamano ya hekalu alikwenda. Kazi ile ilikuwa yake, nani wa kumzuia kuisikiliza? Pikapu ilipofika mbele ya hekalu, Tien-fu alizima muziki, akashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, nilidanganya. Besi hizi amezifunga Meng-ju. Mwanamke. Alipanda humu kwa miguu yake miwili, na Mwanamfalme hajalalamika."

"Shuka!" Mjomba alifoka, akasimama mbele ya gari. "Gari halitoki!"

"Basi lisitoke, mjomba. Bila yeye siendeshi." Akachomoa ufunguo. "Meng-ju! Nikuoe?"

Nyuma magari yalipiga honi. Meng-ju alipenya umati na buti zake za karakana, akamwinamia mjomba kwa heshima zote, kisha akapanda mbele ya macho ya watu wote, akaketi.

"Nimekubali. Washa gari, watu wanasubiri."

Besi zikapiga. Mjomba Kun-shan alisimama barabarani, kifua kikitikiswa na besi, hadi mwenyewe akapisha njia.