Pengo la Nakshi kwenye Kisanduku cha Vitana

Kisanduku cha vitana kilianza kuchana nywele chenyewe siku ya pili baada ya harusi, mchana kweupe, watu wakila tambi.

Hrrr. Hrrr. Na kimefungwa.

"Panya," alisema Pan Delu, bwana harusi, mdomo umejaa.

"Panya gani anachana nywele, mume wangu?" alinong'ona Su'e, mkewe.

"Panya mwari."

Delu alikuwa na mizaha hivyo, mpaka Su'e alipojishika kichwa na shungi la nywele likabaki mkononi. Walipofunua kisanduku, kitana kilikuwa kimejaa nywele zake, zinanuka udongo mbichi. Wakakitupa kisanduku mtoni. Wakakikuta kitandani, kikavu.

Kichwa cha Su'e kilipobakiwa na nywele za kuhesabika, wakamwita Mzee Lou mwenye msuko mweupe mgongoni, fundi aliyekichonga kisanduku: kifunikoni popo watano wa baraka, pembeni nakshi ya mistari inayozungukana bila mwisho. Akaifuata kwa kidole. Kidole kikasita.

"Hapa niliacha pengo. Nani kaliziba?"

"Mimi, mzee wangu," alisema Delu. "Nilitia kijiti na gundi. Nilihofia baraka zitavuja."

"Baraka si mchuzi, wewe. Kila mti una mwenyewe, pepo wake, na mwenyewe hutaka mlango; ndilo pengo hilo. Umemfungia ndani, anamla mkeo."

Akashika patasi. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikaruka, na hapo harufu ya udongo ikawapita usoni, ikapanda ukutani, na mlio wa kitana ukatoka kisandukuni ukaenda kwenye nguzo za kitanda, kutoka kitandani ukaenda madirishani, kutoka madirishani ukaenda mlangoni, ukizunguka chumba kizima kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta pa kutokea, taratibu kwanza, kisha mbio, kisha mbio zaidi.

Mzee Lou akainua macho. Nakshi ileile ilizunguka kitanda, madirisha, fremu ya mlango.

"Delu," alisema kwa sauti ndogo, "na hizi?"

Delu hakutania. "Nilianza na hizo. Nikaziba mapengo yote."

Mzee akausukuma mlango usio na komeo. Haukutikisika. Akaikita patasi kwenye nakshi ya fremu; ikateleza kama juu ya jiwe. Nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, kukasikika hrrr.

Akajipapasa kisogoni, na msuko wake mweupe ukabaki mkononi.