Tuma Kama Faili

Kila Jumamosi asubuhi Flashi alikuwa akienda studio ya shangazi yake kumsaidia kazi. Alivua viatu mlangoni, maana shangazi hakutaka vumbi karibu na kamera, akanyoosha kitambaa cheupe cha ukutani, kisha akakaa kwenye kompyuta kuwatumia wateja picha zao. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaani walimwita Flashi kwa sababu hasira zake ziliwaka ghafla kama taa ya kamera. Mteja akisema, "Naomba mniwekee kwenye flashi," yeye aliitika "Abee!" na watu wakacheka.

Zamani mteja aliondoka studio na picha ya karatasi tu. Siku hizi shangazi aliwapa pia picha ya kwenye simu, iwe yao.

"Tuma kama faili, usitume kama picha," alimfundisha Flashi, akimwonyesha pa kubonyeza. "Ukituma kama picha, simu inaikamua. Kwenye kioo itapendeza, lakini mtu akitaka kuikuza, sura inavunjika. Ukituma kama faili, inafika nzima."

Flashi alielewa vizuri sana. Ila hakupenda. Kitu alichokipenda pale studio ni mashine ya kusafishia picha, na karatasi inayotoka ikiwa bado na joto. Sasa watu walipokea picha kwenye simu, wakashukuru, wakaenda zao. Siku moja aliona kwenye dirisha la duka la steshenari la jirani picha aliyoipiga shangazi, imesafishwa kwenye karatasi nyepesi, bibi harusi ana uso wa kijani kama papai bichi. Damu ilimchemka.

"Sisi tupige, wao wasafishe!" alinung'unika. "Tena wasafishe hovyo!"

Tangu siku hiyo, bila kumwambia mtu, akawa anatuma kama picha. Mteja akitaka kubwa atarudi mwenyewe, alijisemea. Wala hakuona vibaya. Alijiona analinda kazi ya shangazi yake.

Jumamosi moja aliingia Mama Cherehani, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, amekunja karatasi kubwa mkononi na uso umefura. Aliikunjua juu ya meza bila hata salamu.

"Hebu tazameni! Huyu ni mama yangu huyu?"

Ilikuwa picha yake na mama yake mzazi. Nyuso zilikuwa zimevunjikavunjika kuwa viraba vidogo, na macho ya yule bibi yalionekana kama vifungo vya shati.

"Mama nimemzika mwezi uliopita," akasema. "Hakupenda kupigwa picha. Hii ndiyo moja tu niliyo nayo. Nimempa Bwana Steshenari anikuzie niitundike, ndiyo haya aliyonifanyia!"

Flashi aliwaka. Kabla shangazi hajafungua mdomo, alishafika kwenye mlango wa steshenari.

"Wewe mzee unaharibu picha za watu!" alifoka mbele ya wateja. "Kama huna ufundi, uza kalamu!"

Bwana Steshenari, mtu mzima mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu, mimi nimesafisha nilicholetewa. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, nikamwambia, akasema nikuze hivyohivyo."

Ndogo. Neno hilo lilimfuata Flashi hadi studio, na hasira yote ikamwishia njiani.

Alimkuta shangazi peke yake, amerudi kwenye kompyuta aliyokuwa akifuta picha za zamani tangu asubuhi kwa sababu imejaa.

"Mama Cherehani amekwenda kuchukua simu yake," shangazi alisema. "Faili zima analo humo, ni rahisi kuliko kulitafuta hapa, nitamsafishia mwenyewe. Mimi nazifuta hizi za mwaka jana, wenyewe wanazo." Akabonyeza. "Mwezi wa tatu, kwaheri. Mwezi wa nne, nao kwaheri."

Picha ya Mama Cherehani ilikuwa ya mwezi wa tano. Flashi alijua, maana ni yeye aliyeituma. Kwenye simu hakukuwa na faili zima. Zima lilikuwa pale tu, chini ya kidole cha shangazi. Akinyamaza, Bwana Steshenari atabaki na lawama, na hakuna atakayejua.

"Shangazi, usifute!"

Kidole kikabaki hewani.

"Nilimtumia kama picha," Flashi alisema, machozi yakimtoka. "Makusudi. Na wengine pia, tangu mwezi wa tano mwaka jana. Nilitaka warudi kwetu kusafisha."

 Shangazi alisimama taratibu.

"Watu wamenilipa, nikawaambia picha ni yenu, nzima. Kumbe kila siku nasema uongo na sijui! Jina langu liko pale mlangoni, Flashi. Na huyo mzee umekwenda kumtukana mbele ya wateja wake?"

Mama Cherehani alipoingia na simu, Bwana Steshenari alikuwa nyuma yake, amekuja kujitetea. Shangazi alimwashiria Flashi aseme. Akasema yote, amesimama, bila kujificha. Mama Cherehani alimkazia macho.

"Mtoto wewe! Ulitaka nimpoteze mama yangu mara ya pili?"

Flashi alisogea mbele yake. "Nisamehe, mama. Na wewe baba, nisamehe. Kosa halikuwa lako."

"La leo si langu," Bwana Steshenari alijibu. "Ila yule bibi harusi wa kijani ni wangu, wino ulikuwa unaniishia." Hakuna aliyecheka, ingawa shangazi aligeukia ukutani kidogo.

Mashine ilinguruma. Karatasi ikatoka polepole, pana, ina joto, na uso wa bibi ukatokea pamoja na mikunjo yake yote. Mama Cherehani aliinama karibu, akaonyesha shingoni kwa kidole bila kugusa.

"Ukosi huu nilimshonea mimi. Nyuzi zangu zinaonekana." Akafuta uso kwa kanga. "Nisafishie na nyingine, nimpelekee kaka yangu."

Alipotoka, shangazi alimgeukia Flashi.

"Umeona? Leo anatumiwa faili lake zima, na bado ametaka karatasi yetu. Mteja akirudi, arudi kwa sababu kazi yetu ni nzuri, siyo kwa sababu tumemharibia kitu chake. Ukimpa mtu kitu nusu akaamini ni kizima, umemdanganya hata kama hukutamka neno. Sasa kaa hapo. Watumie faili wote uliowapunja, mmoja mmoja, na umwombe radhi kila mtu."

Flashi alifuta machozi, akakaa. Wa kwanza alikuwa Mama Cherehani. Aliandika maneno ya kuomba radhi, akakagua mara mbili pa kubonyeza, akatuma kama faili. Ng'ambo ya barabara simu ikalia, na mlio wa cherehani ukakatika kwa muda mrefu.