Chumba Kilichosubiri Jumatano

Jirani zangu wa Mkwaja, na nyinyi wa mbali mtakaosoma haya, ninayoyaeleza yalitokea ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na sehemu yake moja niliianzisha mwenyewe kwa mdomo wangu, kama mtakavyoona.

Ilikuwa alasiri tulivu. Bi Zuwena, jirani yetu, alikuwa amemaliza kusiriba ukuta wa chumba cha uani, mikono yake bado ina udongo, akatuita mimi na mama tukaone. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, seredani mpya, gunia la mkaa, kopo la ubani na kanga tatu ambazo hazijawahi kuvaliwa. Sabiha, binti yake wa pekee aliyeolewa Kigombe, alikuwa na mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi yetu angekuja kujifungulia kwa mama yake. Humo angekandwa kwa maji ya moto, makaa yakiwa chini ya kitanda, yeye na mwanawe wafukizwe ubani mpaka arubaini.

"Kilichobaki ni mwenyewe kufika," alisema Bi Zuwena. "Nami niitwe bibi. Tangu siku hiyo atakayeniita Zuwena hivihivi simwitikii."

Tulikuwa bado tunacheka kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilipoingia uani imesheheni madumu ya petroli, thelathini na mawili. Akashuka mumewe, Ami Tahiri, shati limemganda mgongoni.

"Hayo unayaweka wapi, baba Sabiha?"

"Chumba cha uani. Ndicho chenye kufuli."

"Hicho ni chumba cha mzazi."

"Mzazi hajafika, mafuta yamefika. Mpaka Jumatano tu."

Hapo, wasomaji, inanibidi niseme sehemu yangu. Kijijini kwetu hapakuwa na sheli. Ami Tahiri alileta petroli kutoka Tanga mjini, akaiuza kwa chupa mezani mbele ya nyumba. Sheria haikubali, lakini sote tulinunua kwake, maana hapakuwa na mwingine. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, stashahada ya ununuzi na ugavi, nimekaa nyumbani bila kazi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku bei mpya za mafuta zinapotangazwa, alikuja kibarazani kwetu nimsomee kwenye simu.

"Binti msomi, nifahamishe. Kwa nini Tanga ni bei hii, Lushoto bei ile, na mwezi ujao zote si hizo?"

Nilikuwa na haya ya kuzungumza na wakubwa, lakini swali lile lilinifurahisha kwa sababu nilijua jibu lake. Nilimweleza kwamba mafuta yananunuliwa nje kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda nayo yanapanda. Meli inashusha Tanga, Dar es Salaam au Mtwara, na kila bandari ina gharama zake. Juu yake kuna kodi na tozo. Kisha kuna nauli ya lori, ndiyo maana wanaokaa mbali na bandari wanalipa zaidi, na sisi ambao hata lori halitufikii tunalipia na nauli ya dumu. Nikamwambia pia kwamba bei ya mwezi huu inatokana na shehena iliyonunuliwa huko nyuma, hivyo vita au hofu ya leo huko yanakotoka mafuta huchelewa kutufikia.

Akakichukua hicho cha mwisho peke yake. Siku chache baadaye redio ikatangaza mapigano nchi za mbali, nikamwona akitabasamu peke yake. Mtu mpole, asiyekosa sala ya jamaa, anatabasamu kwa habari ya vita. Ndipo akanunua yale madumu thelathini na mawili, ayafungie mpaka bei ipande.

Jumatano ilipofika nilimsomea. Bei ilikuwa imeshuka.

"Soma tena."

"Imeshuka, ami. Shehena iliyoingia ilinunuliwa kabla ya hayo mapigano."

"Basi nikiuza leo nimeumia. Ngoja mwezi ujao."

Kuanzia siku hiyo moto ulipigwa marufuku nyumba ile. Bi Zuwena akawa anakuja kupikia uani kwetu, sufuria kichwani, ukifika usiku anarudi nalo kwake. Udi hakuwasha tena, wala dawa ya mbu. Harufu ya petroli iliingia kwenye mito, kwenye unga, kwenye nguo za sala. Alikuwa akiamka kichwa kinamgonga, akatembea kutwa amekifunga kwa ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Ami Tahiri naye hakutulia. Mara anakagua kufuli, mara anafungua redio, mara ananigongea kuuliza dola leo ngapi. Ufunguo aliutia kwenye uzi akauvaa shingoni.

Jumatano ya pili bei ilipanda, lakini kidogo, chini ya alivyotarajia. "Hii ni dalili," alisema. "Itapanda zaidi." Akazidi kuyashikilia. Mezani aliweka chupa mbili tatu, na siku chache kabla ya kila Jumatano alikuwa anaziondoa hata hizo, akijibu kila anayekuja: "Yamekwisha."

Katika hali hiyo Sabiha akafika, mimba ya miezi minane. Alisimama mbele ya kufuli la chumba chake, akacheka kidogo kwa aibu, akalazwa ukumbini. Bi Mwatum, mkunga wetu wa siku nyingi, alikuja kumtazama, akanusa hewa, akatoka nje na fimbo yake.

"Wewe Tahiri, huyu binti atalala wapi akishajifungua?"

"Shikamoo, bibi. Nitaondoa. Jumatano hii hii."

"Marahaba. Makaa nitayatia wapi? Au unataka nimkandie mwanao kwenye sheli?"

Watu walicheka, na Ami Tahiri akacheka nao. Bi Zuwena hakucheka. Nami nilikuwa pale, na nilijua kuliko wote mvuke wa petroli unavyotambaa sakafuni ukitafuta moto. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nikayapanga upya, mpaka wakatawanyika.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Sabiha alianza kutoka damu. Muuguzi wa zahanati alimtazama kidogo tu, akasema apelekwe hospitali ya Pangani sasa hivi. Bi Zuwena akakimbia kwa Luqmani, dereva wa bajaji, mimi nyuma yake.

"Mama Sabiha, wallahi tangi kavu," alisema Luqmani. "Jana nimekuja kwenu mara mbili, mzee kaniambia yamekwisha. Bodaboda nazo zimelala, zote zinanunua kwake."

Bi Zuwena alimtazama kama hakusikia. "Yamekwisha," alirudia. Kisha akageuka kukimbia nyumbani, kanga ikabaki njiani.

Ami Tahiri alikuwa ameenda Tanga na alfajiri kunusa habari za bei, ufunguo shingoni. Tulimpigia. Simu iliita mpaka ikakata, tukapiga tena, na tena. Sabiha kwenye mkeka alikuwa akiuliza kwa sauti ndogo, "Gari limekuja?" Na hatua tano kutoka alipolala, nyuma ya mlango mmoja, kulikuwa na petroli ya kuipeleka bajaji ile Pangani na kurudi mara nyingi mno.

Luqmani akaleta nyundo. Aliinyanyua juu ya kufuli, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilipaza sauti mbele za watu. Nikamwambia asipige. Chuma kwa chuma kinatoa cheche, na chumba kile kimefungwa na mvuke wa miezi miwili.

"Tufanyeje sasa?"

Bi Zuwena ndiye aliyejibu, kwa mikono. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaumwagia maji ukuta alioukandika mwenyewe, akaanza kuuchimba kwa kucha. Mama akaleta mchi wa kutwangia, na jirani mwingine akaja na wake. Wanawake wanne tulitwanga ukuta ule, tunaumwagia maji na kuuvuta fito kwa fito, mpaka likapatikana tundu la kupitisha dumu. Harufu iliyotoka ilitutoa machozi. Bajaji ilipowaka ilikuwa imekaribia saa sita.

Sabiha aliokolewa. Mtoto, wa kiume, hakukutwa hai. Waliompokea hospitali walisema amechelewa kufikishwa.

Alasiri Ami Tahiri alirudi akitembea kwa haraka ya furaha. Alinikuta mimi uani, nimeachwa kulinda tundu.

"Nani kaniibia?"

Nilimweleza. Nilieleza kwa kifupi, hadi habari ya mtoto tuliyopigiwa simu kutoka hospitali. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa.

"Simu niliiona," alisema. "Nilidhani Zuwena anataka kunisemesha habari ya chumba."

Na Jumatano ile, ndugu zangu, bei ilipanda kweli. Ilipanda kuliko alivyokuwa akiota. Bi Zuwena alimwambia mumewe maneno mawili tu, mume aliporudi kutoka maziko:

"Haya, uza."

Hakuna aliyenunua. Luqmani na wenzake waliona heri kuchangishana wakafuate mafuta Pangani. Madumu yaliondoka kwa kirikuu ileile yaliyokuja nayo, na meza ya chupa ikaondolewa.

Chumba kiliachwa wazi siku nyingi kipigwe na upepo. Ami Tahiri alilisiriba tundu kwa mikono yake, hakuomba msaada. Kisha Sabiha akaingizwa, kwani mzazi ni mzazi hata akirudi mikono mitupu, na mwili wake ulihitaji kukandwa. Bi Mwatum aliwasha seredani, akanyunyiza ubani. Ukuta ulipopata joto, harufu ya petroli ikatoka tena kwenye udongo wa zamani, ikapita juu ya ubani wote. Sabiha akageuza uso ukutani. Baba yake alikuwa amesimama nje ya mlango usio na kufuli tena, na hakuthubutu kuingia.

Mafunzo

Wenzangu, bei ya mafuta itapanda na itashuka. Inaamuliwa na bahari, dola, kodi na barabara, vitu ambavyo Tahiri hakuvitengeneza wala hakuweza kuvizuia. Kosa lake halikuwa kutaka faida. Lilikuwa kuyafungia mafuta ambayo kijiji kizima kilimtegemea yeye kuyapata, akawaambia watu yamekwisha, na akakitoa chumba cha mwanawe kwa ajili ya siku ambayo hata ilipofika haikumfaa. Anayewaficha majirani kitu cha lazima asidhani nyumba yake iko nje ya ujirani huo.

Petroli isilale ndani na watu, hata usiku mmoja, hata dumu moja.

Na nyinyi wenye haya kama mimi, mliosoma na mkajua jambo, semeni kabla halijafika kwenye nyundo. Mimi nilikuwa na miezi miwili ya kusema. Nilisema siku moja, na kwa mtoto wa Sabiha siku hiyo ilikuwa imechelewa.