Karatasi Tano Chini ya Mto

Jamani, kila alasiri kibanda cha fundi viatu wetu kilikuwa kinajaa. Mtu analeta kiatu kilichoachama, na mfukoni ana barua. Fundi anafuta gundi vidoleni, anasoma, watu wanacheka, maisha yanakwenda. Mtaa mzima tulimwita Msomaji, na jina lilimkaa.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alipofungua darasa, mke wa fundi aliomba ruhusa.

"Usome nini wewe?" fundi akamcheka. "Kwani mimi nimekufa? Tena usisahau, karatasi ya mtu haionyeshwi mtu mwingine."

Mke akaenda zake. Na sisi hatukumtetea, maana kusomewa bure ni raha. Aibu yetu!

Kisha uvimbe ukamwota fundi kooni. Akapasuliwa, akarudi nyumbani hana sauti. Siku ya kwanza aliomba kalamu kwa ishara, akaandika, akampa mkewe. Mama wa watu akaigeuza karatasi huku na huku. Akamletea uji, fundi akatikisa kichwa. Akamletea nyundo yake ya kazi, fundi akalia. Ikawa kila siku karatasi moja, na kila moja mke aliificha chini ya mto, kama alivyofundishwa.

Siku ya tano hali ilikuwa mbaya. Mwalimu alipokuja kumjulia hali, mke uvumilivu ukamshinda.

"Nisomee, mwalimu. Atanisamehe."

Zote tano zilisema jambo moja: "Niitie dada yangu. Ile barua ya kuitwa kazini nilimsomea uongo. Nilimwambia amekataliwa, nisiachiwe mama peke yangu. Nataka kumwomba radhi nikiwa hai."

Dada alikuwa ameolewa mbali. Akapigiwa simu, akasafiri siku nzima, akatukuta tunatoka makaburini kumzika kaka yake.

Aliposomewa, alikaa sakafuni pu! "Miaka yote hiyo nilijiona sifai," alisema. Akaichukua karatasi moja. "Mwalimu, usinisomee tena. Nifundishe. Hii nataka niisome mwenyewe, ndipo nijue kama namsamehe."

"Na mimi niandikishe, mwalimu, pamoja na wifi," akasema mjane.

Funzo

Ukimwachia mtu mmoja akusomee kila kitu, yeye ndiye anayeamua wewe ujue nini. Fundi alimnyima mkewe herufi, na siku alipozihitaji kuliko dawa, hazikuwemo nyumbani mwake. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Mimi ni mshonaji, nilisomewa miaka ishirini. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu.